“Roman”, “Novela” na Riwaya: Safari ya Majina ya Utanzu Mmoja katika Lugha za Ulaya na Funzo Lake kwa Mhakiki wa Kiswahili

Utangulizi

Swali la iwapo Nagona (1990) ya Euphrase Kezilahabi ni riwaya au ni novela limewahi kuzua ubishi mwingi miongoni mwa wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Kitabu chenyewe hakifiki kurasa mia moja. Mzingile (1991), kilichokifuata, nacho hakizifiki. Ubishi uo huo hukizunguka Kusadikika (1951) cha Shaaban Robert, ambacho wapo wanaokiita riwaya, wapo wanaokiita novela, na wapo wanaoridhika kukiita hadithi ndefu. Kila upande huwa na hoja zake, lakini pande zote huwa na imani moja isiyotamkwa: kwamba kuna mahali fulani, yamkini Ulaya, ambako mambo haya yalikwisha kupimwa na kuamuliwa, na kwamba kazi ya mhakiki wa Kiswahili ni kuchukua kipimo hicho na kukiweka juu ya kitabu kilicho mbele yake.

Makala haya yananuia kuichunguza imani hiyo kwa kufuata historia ya majina yenyewe. Maneno “roman”, “romance”, “novel”, “novela” na “nouvelle” yatafuatwa kutoka yalikozaliwa hadi yalikofika katika Kifaransa, Kiitaliano, Kihispania, Kireno, Kiingereza, Kijerumani na Kirusi. Kisha yatalinganishwa na maneno mawili ambayo Kiswahili kiliyapata kutoka Kiarabu, yaani riwaya na hadithi. Hoja inayojengwa ni kwamba lugha za Ulaya hazikuwahi kukubaliana juu ya mipaka ya utanzu huu. Kila moja iliikata nguo hiyo kwa mkasi wake, na Kiswahili nacho kina haki na wajibu wa kufanya vivyo hivyo.

Mzizi wa kwanza: lugha ya watu

Katika Kifaransa, Kijerumani, Kirusi, Kiholanzi na Kiswidi, kitabu ambacho Kiswahili hukiita riwaya huitwa “roman”. Katika Kiitaliano huitwa “romanzo”, na katika Kireno “romance”. Majina haya yote yana mzizi mmoja, nao ni jina la mji wa Roma. Hata hivyo, haitoshi kusema kwamba riwaya iliitwa kwa jina la Roma. Yafaa kuuliza ni Roma gani iliyokusudiwa.

Dola ya Kirumi ya Magharibi ilipoanguka, Kilatini kilibaki kuwa lugha ya kanisa, sheria na elimu. Lakini Kilatini kilichosemwa sokoni na shambani kilikuwa kikibadilika kizazi baada ya kizazi, hata ikafika siku ambapo muumini wa kawaida hakuelewa tena alichosomewa kanisani. Mwaka 813, maaskofu waliokutana mjini Tours, Ufaransa, waliagiza kwamba mahubiri yafasiriwe katika lugha ya Kirumi ya watu wa mashambani, au katika lugha ya Kijerumani, ili wote wapate kuelewa. Hapa ndipo tofauti inapodhihirika: kuna Kilatini, lugha ya wasomi, na kuna “Kirumi”, lugha ya watu. Kielezi cha Kilatini “romanice”, chenye maana ya “kwa namna ya Kirumi”, ndicho kilichozaa neno la Kifaransa cha kale “romanz”. Kwa hivyo, maana ya kwanza ya “romanz” haikuwa kitabu cha aina yoyote. Ilikuwa ni lugha ya kila siku. Kiromanshi, lugha inayosemwa hadi leo katika milima ya Uswisi, kinabeba jina hilo hilo.

Kutoka lugha, neno likahamia kwenye tendo. Mwandishi wa karne ya 12 aliyechukua maandishi ya Kilatini na kuyafasiri kwa ajili ya wasikilizaji wasiojua Kilatini alisema kwamba ameyatia katika “romanz”. Kutoka tendo, likahamia kwenye zao la tendo hilo: maandishi yaliyofasiriwa nayo yakaitwa “romanz”. Mfano mashuhuri ni Roman de Brut ya Wace, iliyokamilika mwaka 1155. Msingi wake ni historia ya wafalme wa Uingereza iliyoandikwa kwa Kilatini na Geoffrey wa Monmouth miaka isiyofika ishirini kabla. Roman de Troie ya Benoît de Sainte-Maure, iliyotungwa muda mfupi baadaye, ilitegemea vivyo hivyo maandishi ya Kilatini kuhusu vita vya Troya.

Mambo mawili katika mifano hii yanastahili kuzingatiwa. Kwanza, “roman” za mwanzo hazikudai kuwa ni kazi za kubuni. Zilidai kupokeza kilichokwisha kuandikwa. Pili, zilikuwa ni ushairi. Wace na Benoît walitunga kwa mishororo ya silabi nane nane. Msomaji aliyezoea utendi wa Kiswahili, ambao kila kipande chake kina mizani nane, hatashindwa kuelewa kwa nini umbo kama hilo lilifaa kwa kisa kirefu cha kusomwa kwa sauti mbele ya hadhira. Hakuna ushahidi kwamba umbo moja lilitokana na jingine. Jambo la kuzingatia ni kwamba utanzu ambao leo hufasiliwa kwanza kabisa kwa nathari ulipata jina lake ukiwa bado ni shairi. “Roman” za nathari zilienea katika karne ya 13, na hata wakati huo ushairi haukuachwa: Roman de la Rose, iliyoanzwa na Guillaume de Lorris na kukamilishwa na Jean de Meun katika karne hiyo hiyo, ni shairi tangu mwanzo hadi mwisho.

Mzizi wa pili: habari mpya

Wakati “romanz” ilipokuwa ikibadilika Ufaransa, neno lingine lilikuwa likikua Italia. Kilatini kilikuwa na kivumishi “novus”, yaani “-pya”, na kidogoshi chake “novellus”. Wanasheria walikwisha kukitumia: sheria mpya alizotoa Kaisari Justiniano katika karne ya 6 zilijulikana kwa jina la “Novellae”. Katika Kiitaliano, “novella” ikawa na maana ya habari, jambo jipya linalosimuliwa na mtu aliyetoka safarini au sokoni. Kutoka habari ya kweli hadi kisa kifupi cha kufurahisha hapakuwa mbali. Mwishoni mwa karne ya 13 kulikuwa na mkusanyiko wa visa vifupi uliokuja kujulikana kama Novellino. Kisha Giovanni Boccaccio akaandika Decameron, takriban kati ya mwaka 1349 na 1353, ambamo vijana kumi waliokimbia tauni mjini Florence wanasimuliana “novella” mia moja kwa siku kumi.

Wafaransa waliipokea dhana hii na kuiita “nouvelle”. Katika karne ya 15, mkusanyiko uliohusishwa na makao ya mtawala wa Burgundy ulipewa jina la Cent Nouvelles nouvelles, jina ambalo lenyewe linacheza na maana mbili za neno hilo: visa mia moja vipya, au mambo mapya mia moja mapya. Hadi leo Mfaransa hutumia “nouvelle” kwa maana ya habari inayosomwa asubuhi na kwa maana ya hadithi fupi.

Hivyo basi, Ulaya ya magharibi ilikuwa na majina mawili yenye tabia tofauti. Jina la kwanza, “roman”, lilisisitiza lugha na upokezaji: jambo la kale limeletwa katika lugha ya watu. Jina la pili, “novella”, lilisisitiza upya: jambo hili halijasikika. La kwanza lilihusishwa na urefu na la pili na ufupi. Lau mambo yangalibaki hivyo, kazi ya mhakiki ingalikuwa nyepesi. Lakini hayakubaki hivyo.

Majina yanapopishana

Uhispania ndiko mambo yalikogeuka waziwazi. Miguel de Cervantes alipochapisha Novelas ejemplares mwaka 1613, alikusanya humo visa kumi na viwili, na katika dibaji alijivunia kuwa wa kwanza kuandika “novela” katika Kihispania, kwa kuwa zilizokuwapo zilitafsiriwa kutoka lugha za kigeni. Alikuwa akilitumia neno kwa maana ya Kiitaliano. Aidha, ndani ya sehemu ya kwanza ya Don Quijote (1605) kuna kisa kilichopachikwa, cha mume mdadisi aliyeujaribu uaminifu wa mkewe hadi akajiangamiza, na kisa hicho ndicho Cervantes alichokiita “novela”. Kitabu kizima alikiita historia. Leo Mhispania yeyote atasema kwamba Don Quijote ni “novela”, tena iliyo kuu kuliko zote. Neno lililotaja kisa cha ndani limekimeza kitabu kilichokibeba. Anayetaka kutaja kazi ya urefu wa wastani katika Kihispania hulazimika kuongeza kivumishi na kusema “novela fupi”.

Je, “romance” ilikwenda wapi? Uhispania ilikuwa imekwisha kulipa neno hilo kazi nyingine. Kwa Mhispania, “romance” ni shairi la masimulizi lenye mishororo ya silabi nane, ambalo vina vyake hutegemea irabu katika mishororo ya shufwa. Federico García Lorca alipoliita diwani yake Romancero gitano (1928), alikuwa akitaja mkusanyiko wa mashairi ya aina hiyo. Ng'ambo ya mpaka, Ureno ilikata kwa namna nyingine: “romance” ni riwaya, na “novela” ni kazi ya urefu wa kati. Ndiyo maana nchini Msumbiji, ambako Kireno ndiyo lugha rasmi, Terra Sonâmbula (1992) ya Mia Couto huitwa “romance” bila ya mtu kudhani kwamba ni kitabu cha mahaba. Katika Amerika ya Kilatini, “novela” imepanda hadi kwenye televisheni. “Telenovela”, ambazo watazamaji wengi wa Kenya walizifuata kwa hamu katika miaka ya 2000, ziliweza kuendelea kwa vipindi zaidi ya mia moja. Hakuna ufupi wowote katika novela ya namna hiyo.

Kiingereza kilifuata njia yake. “Romance” iliingia kutoka Kifaransa katika Enzi za Kati na kutaja visa vya mashujaa, safari na maajabu. “Novel” iliingia katika karne ya 16 kwa maana ya kisa kifupi cha Kiitaliano. William Painter aliitumia hivyo katika mkusanyiko wake wa visa, The Palace of Pleasure, wa mwaka 1566. Mnamo 1692, William Congreve katika dibaji ya Incognita alieleza kwamba “romance” hushughulikia mapenzi na ushujaa wa watu wa daraja la juu mno na mambo yasiyowezekana, ilhali “novel” huja karibu zaidi na maisha ya kawaida. Tofauti haikuwa tena ya urefu. Ilikuwa ni ya uhusiano wa kisa na uhalisi.

Hata hivyo, matumizi hayakusawazika upesi. Samuel Richardson alichapisha Clarissa kwa mabuku saba mnamo 1747 na 1748, na Henry Fielding akachapisha Tom Jones mwaka 1749. Vitabu hivi viwili hutajwa katika kila historia ya riwaya ya Kiingereza. Lakini kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 bado ililifasili neno “novel” kuwa ni kisa kidogo, aghalabu cha mapenzi. Fielding mwenyewe, katika dibaji ya Joseph Andrews (1742), aliieleza kazi yake kuwa ni utendi wa kichekesho ulioandikwa kwa nathari. Wanaohesabiwa leo kuwa waasisi wa utanzu hawakuwa na hakika ya jina lake. Ni mwaka 1785 ambapo Clara Reeve, katika The Progress of Romance, aliweka bayana mgawanyo ambao baadaye ulizoeleka: “romance” ni kisa cha watu na mambo ya ajabu, na “novel” ni picha ya maisha halisi na mienendo ya wakati wa mwandishi.

Baada ya hapo “romance” ya Kiingereza iliendelea kupungua upana hadi ikabaki, kwa watu wengi, na maana ya mapenzi. Hivyo neno moja lenye tahajia moja humpa Mhispania shairi, Mreno riwaya, na Mwingereza mahaba. Asiyelijua hili atasoma na apotee huku akidhani ameelewa.

Ujerumani na Urusi: kipimo kisicho cha urefu

Wajerumani waliazima maneno yote mawili, “Roman” na “Novelle”, na hawakuitofautisha Novelle kwa kuhesabu kurasa tu. Mwaka 1827, katika mazungumzo na Eckermann, Goethe aliieleza Novelle kuwa kimsingi ni tukio lisilowahi kusikika lakini lililotokea kweli. Mwaka uliofuata alichapisha kazi fupi na kuiita kwa jina hilo tu: Novelle. Mnamo 1871, Paul Heyse aliendeleza fikra hiyo kwa kurejelea kisa kimoja cha Boccaccio, ambamo mwungwana aliyefilisika kwa sababu ya mapenzi anamchinja kipanga wake, mali pekee aliyobakiwa nayo, ili amkaribishe bibi anayempenda, bila kujua kwamba bibi huyo amekuja kumwomba kipanga huyo huyo kwa ajili ya mwanawe mgonjwa. Heyse alishikilia kwamba kila Novelle yapaswa kuwa na “kipanga” wake, yaani kitu au tukio moja mahususi linaloitofautisha na nyingine zote. Kwa hivyo, anayeiita Der Tod in Venedig (1912) ya Thomas Mann Novelle anasema jambo kuhusu muundo wake, si kuhusu unene wake tu.

Urusi ina ngazi tatu: “roman”, “povest” na “rasskaz”. “Povest” hutajwa kwa kazi ya urefu wa kati, lakini haikutoka Italia. Ni neno la Kislavoni cha kale lenye uhusiano na “vest”, yaani habari, nalo lilikuwa tayari limetaja tarehe na maandishi ya kale kabla ya Boccaccio kuzaliwa. Zaidi ya hayo, waandishi wakuu wa Kirusi hawakuona haya kuvunja mipaka. Pushkin aliiita Yevgeny Onegin, iliyochapishwa nzima mwaka 1833, “roman” katika ushairi. Gogol aliiita Nafsi Zilizokufa (1842), ambayo ni nathari, “poema”, yaani shairi refu. Naye Tolstoy, katika maelezo aliyoyachapisha mwaka 1868 kuhusu Vita na Amani, alikana kwamba kitabu hicho ni “roman”. Alikana pia kwamba ni poema au tarehe ya kihistoria. Alisema kwamba ni kile ambacho mwandishi alitaka kukieleza, na aliweza kukieleza, kwa umbo lile. Ikiwa kitabu chenye kurasa zaidi ya elfu moja kinaweza kukanwa na mwandishi wake kuwa ni riwaya, basi urefu peke yake hauwezi kuwa hakimu.

Kwa upande wa Uingereza, E. M. Forster ndiye anayerejelewa mara nyingi kuhusu urefu. Katika Aspects of the Novel (1927) aliikubali fasili ya Mfaransa Abel Chevalley kwamba riwaya ni nathari ya kubuni yenye urefu fulani, na akaongeza kwamba urefu huo usipungue maneno 50,000. Ni vyema kukumbuka kwamba Forster alitoa idadi hiyo katika mihadhara, ili apate mahali pa kuanzia mazungumzo. Yanayofuata katika kitabu chake yanahusu kisa, watu, msuko na mahadhi, na hayarudi kwenye kuhesabu maneno.

Riwaya na hadithi

Baada ya safari hii, maneno ya Kiswahili yanaweza kutazamwa kwa jicho jipya. Riwaya ni neno la Kiarabu lenye mzizi wa r-w-y. Mzizi huu unahusiana na maji: kuteka, kubeba na kukata kiu. Ngamia aliyebeba maji aliitwa kwa neno la mzizi huu, na kutoka hapo likaja “rawi”, mtu anayebeba maneno. Katika Uarabuni wa kale, rawi alikuwa mtu aliyeyahifadhi mashairi ya mshairi na kuyapokeza kwa wengine. Katika elimu ya dini, riwaya ni upokezi, iwe ni wa maneno ya Mtume au wa njia za kuisoma Kurani. Ni katika zama za karibuni tu ambapo Waarabu walilichagua neno hili kwa utanzu mpya. Hata katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 lilikuwa bado linataja pia mchezo wa kuigiza, kabla ya kutulia kwenye maana ya kazi ndefu ya nathari ya aina ya Zaynab (1913) ya Muhammad Husayn Haykal.

Hadithi nayo inatokana na mzizi wa h-d-th, wenye maana ya kutukia na kuwa jambo jipya. Katika Kiarabu, “hadith” ni mazungumzo na habari, lakini pia ni kivumishi chenye maana ya “-pya” au “-a kisasa”. Mwarabu anayesema “al-adab al-hadith” anataja fasihi ya kisasa.

Ulinganifu unaojitokeza hapa ni wa kustaajabisha. Hadithi ni ndugu wa maana wa “novella”: yote mawili yametoka katika upya, yakapitia habari, yakafika kwenye kisa. Riwaya ni ndugu wa maana wa “romanz”: yote mawili yametoka katika upokezaji, yakafika kwenye kitabu. Tena Kiswahili, kinaposema riwaya kwa kazi ndefu na hadithi fupi kwa kazi fupi, kimegawa majina kama Mfaransa anavyogawa “roman” na “nouvelle”. Ni Kiingereza kilichofanya kinyume kwa kuipa kazi ndefu jina la upya. Na kwa kuwa wanafunzi wengi wa Kenya huifikia nadharia ya riwaya kupitia vitabu vya Kiingereza, wao hujifunza kwamba riwaya maana yake ni “novel”, na tangu hapo hudai kutoka kwa kila riwaya ya Kiswahili ule upya na uhalisi ambao Congreve na Reeve waliudai Uingereza.

Athari kwa uhakiki wa Kiswahili

Athari ya kwanza ni namna kazi zilizosimama juu ya masimulizi ya awali zinavyohukumiwa. Adili na Nduguze (1952) ya Shaaban Robert ina uhusiano unaojulikana na kisa cha Abdallah bin Fadhil na nduguze katika Alfu Lela Ulela. Msomaji aliyelelewa na maana ya “novel” huweza kuuona uhusiano huo kuwa upungufu. Lakini kwa maana ya asili ya riwaya, na kwa desturi ya Wace na Benoît, kupokea kisa na kukitia katika lugha na maadili ya watu wako ndiyo kazi yenyewe. Swali la haki kwa mhakiki ni kile ambacho Shaaban alikifanya kwa alichokipokea: alichokiongeza, alichokiacha, na lugha aliyokivisha.

Athari ya pili inahusu novela. Istilahi hii ina nafasi katika uhakiki wa Kiswahili, na makala haya hayapendekezi kuitupa. Yanapendekeza isitumiwe bila kutajiwa asili. Anayeiita Nagona novela kwa maana ya Mjerumani anapaswa kuonyesha tukio moja lisilo la kawaida ambalo kazi imejengwa juu yake. Pengine atashindwa, maana safari ya mhusika wake katika kulitafuta lile linaloitwa Nagona haijafungwa na tukio moja. Anayeiita novela kwa maana ya kurasa tu hajasema chochote ambacho msomaji hakukiona kwa macho. Na anayeiita riwaya anaweza kujitetea kwa kuonyesha upana wa falsafa na dini zinazokutana ndani yake, hata kama kitabu ni chembamba. Vyovyote iwavyo, hoja itakuwa imetoka ndani ya kazi.

Athari ya tatu inagusa neno linalofundishwa mbali na riwaya. Kivumishi cha Kiingereza “romantic” hakikutokana moja kwa moja na mapenzi. Kilitokana na “romant”, umbo la kale la “roman”, na ndiyo maana kina herufi “t” ambayo nomino ya leo ya Kifaransa haina. Maana yake ya awali ni “kama ilivyo katika visa vya romance”: mandhari ya milima, magofu, maajabu. Mjerumani Friedrich Schlegel, alipoeleza ushairi wa “kiromantiki” katika jarida la Athenaeum mwaka 1798, alikuwa na “Roman” akilini, utanzu unaoweza kukusanya tanzu zote. Baadhi ya wahakiki wa Kiswahili wameliita tapo hili ulimbwende. Ni neno zuri kwa sikio, lakini mlimbwende ni mtanashati, mtu wa kujipamba. Mwanafunzi asiyeonywa atatafuta mapambo na mahaba mahali ambapo alipaswa kutafuta uhuru wa ubunifu na uchanganyaji wa tanzu.

Hitimisho

Imedhihirika kwamba hakuna kipimo kimoja cha Ulaya ambacho Kiswahili kimeshindwa kukifikia. “Novela” ni ndefu Uhispania, ya wastani Ureno, na ina vipindi mia moja katika televisheni. “Romance” ni shairi, riwaya au mahaba kutegemea mpaka uliovukwa. Waingereza waliandika “novel” kwa miongo kadhaa kabla ya kamusi yao kukubali kwamba ni kitu kirefu, na Mrusi mmoja aliandika kitabu kirefu kuliko vingi na kukikana jina. Kila lugha ilichukua maneno iliyokuwa nayo na kuyatumia kwa kazi ilizokuwa nazo.

Lakini kuna funzo moja ambalo historia ya “roman” inalitoa kwa mwanafunzi wa Kiswahili hasa. Jina ambalo sehemu kubwa ya Ulaya huuita utanzu huu halikutokana na urefu, nathari wala ubunifu. Lilitokana na uamuzi wa mwandishi wa kuiacha lugha ya wasomi na kuandika katika lugha ambayo mama yake angeielewa. Abdallah bin Hemed bin Ali Ajjemy alipoandika Habari za Wakilindi, James Mbotela alipoandika Uhuru wa Watumwa (1934), na Shaaban Robert alipoandika Kusadikika wakati Kiingereza ndicho kilichokuwa mlango wa cheo, wote walifanya uamuzi huo. Wahakiki na waendelee kubishana kuhusu kama kazi hizo ni riwaya, novela au habari. Kwa maana ya kwanza kabisa ya neno, ile ya karne ya 12, hapana shaka kwamba ni “romanz”.